Yadi ya Chuma Chakavu ya Kamanyola, kwa Kipimo cha 1:64

Wengi wanaoanza kujenga reli ndogo ya mezani huanza na stesheni: jukwaa, saa ukutani, abiria na mizigo yao. Mimi nakushauri uanze na yadi ya chuma chakavu, hasa kama unaishi Bukavu au mji wowote wa huku kwetu ambako vifaa vya ufundi huu haviuzwi dukani. Yadi haidai nafasi kubwa, vitu vilivyovunjika vinapata mahali pake, na treni inayoingia humo ina kazi ya kweli ya kufanya. Ina sharti moja tu, nalo ni zito: yadi ina mpango. Kila rundo unaloliona liliwekwa pale na mtu aliyejua bei yake. Ukilishika hilo kabla hujafungua chupa ya gundi, mfano wako utasimama. Ukilipuuza, utabaki na takataka zilizopakwa rangi ya kutu.

Yangu nimeiweka Kamanyola. Anayetoka Bukavu kwenda Uvira anapajua: unateremka mlima wa Ngomo kona baada ya kona, joto linakupokea, na bonde la Ruzizi linafunguka mbele yako. Hapo ndipo reli ya Kivu ilipoishia. Wakati wa Wabelgiji, shirika la Cefaki lilikusudia kuunganisha Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu kwa treni, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 njia ilikuwa imetoka Uvira hadi Kamanyola, karibu kilomita 90 za tambarare. Haikuungana na reli nyingine yoyote. Kila kichwa cha treni kilibidi kije kwa meli ziwani. Mbele ya Kamanyola kulikuwa na mlima. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Kivu mita 1,460, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo Ruzizi inaishusha katika magenge yaliyo kati yetu na bonde. Reli haikupanda. Mizigo ya Bukavu iliendelea kwa barabara, na mwishoni mwa miaka ya 1950 njia yenyewe ikafungwa.

Mfano wangu unajibu swali ambalo nimekuwa nalo tangu nilipojua habari hiyo: njia ile ingebaki, kituo chake cha mwisho kingefanya kazi gani leo? Nadhani kingebeba chuma. Malori yangeshuka na mabaki ya mji, mabehewa yangeyapokea na kuyapeleka bandari ya Kalundu, huko Uvira. Yadi ni ya kubuni, lakini mahali ni pa kweli, na hesabu yake inaeleweka: chuma ni kizito, na kutoka Bukavu njia kwa jumla ni ya kuteremka.

Sasa kipimo, maana hapa ndipo pesa nyingi huokolewa au kupotea. Reli za Kongo, kuanzia Matadi–Kinshasa hadi mtandao wa shirika la reli la SNCC unaofika Kalemie, zina upana wa milimita 1,067. Kwa kipimo maarufu cha H0, yaani 1:87, upana huo unakuwa milimita 12 na kidogo, na reli za milimita 12 ni adimu na ghali. Gawanya kwa 64 badala yake: unapata 16.7. Reli ya kawaida ya H0, iliyoenea duniani kuliko zote, ina milimita 16.5. Tofauti hiyo jicho haliioni. Wajenzi wa New Zealand, ambao nchi yao nayo ina reli za 1,067, wanatumia hesabu hiihii.

Faida ya pili ya 1:64 kwa yadi ya chuma ni kubwa kuliko ya kwanza. Magari ya kuchezea ya Matchbox, ya Hot Wheels, na yale yasiyo na jina yanayouzwa sokoni, mengi yanakaribia kipimo hicho. Pima kabla ya kununua: gari lenye urefu wa mita 5 linatakiwa liwe na sentimita 7.8. Malori ya kuchezea aghalabu yamefinywa ili yaenee kwenye boksi, kwa hiyo nunua lori kwa ajili ya vipande vyake, usiliweke zima. Kariri na haya: mita moja ni milimita 15.6, mtu mzima ni milimita 26 au 27, pipa la lita 200 lina kimo cha milimita 14 na kipenyo cha 9, kontena la futi 20 ni sentimita 9 na nusu.

Reli, magurudumu na injini ndivyo vitu pekee vya kutafuta mbali. Kama una ndugu Brussels, mwombe apite asubuhi soko la mitumba la Place du Jeu de Balle. Seti za zamani za H0 huonekana humo. Ila mwambie atazame katikati ya mataruma. Akiona vichwa vidogo vya chuma vimejipanga hapo, hiyo ni Märklin, inayopitisha umeme katikati na kutumia mkondo geu. Ni kazi bora, lakini haichanganyiki na nyingine. Atafute Lima, Jouef, Roco au Hornby za reli mbili na mkondo mnyoofu wa volti 12. Kichwa kidogo cha dizeli cha kupangia mabehewa kinatosha. Kivue bodi, ubaki na chesisi, kisha jenga juu yake bodi kubwa zaidi kwa karatasi ngumu, kwa sababu kitu cha 1:64 kinakizidi cha 1:87 kwa zaidi ya theluthi. Mlango wa kebini umpitishe mtu wa milimita 27 bila kuinama. Hapo utajua bodi yako imekaa sawa. Na kama injini haipatikani kabisa, jenga hivyohivyo na usukume mabehewa kwa kidole. Yadi haitapungukiwa na kitu.

Ubao wangu ni tripleksi ya milimita 9, sentimita 120 kwa 40, juu ya fremu ya mbao. Mbao iwe kavu kabisa. Mikaratusi ya kununua leo na kupigilia kesho inapinda msimu wa mvua ukianza, na reli iliyopinda hairekebishiki. Mpango wa njia nimeuchukua kwa Mwingereza Alan Wright, aliyebuni yadi ndogo aliyoiita Inglenook: njia moja inagawanyika mara mbili tu na kuwa tatu. Yake ilichukua mabehewa matano, matatu na matatu. Yangu inachukua matatu, mawili na mawili, na upande wa kuingilia unatosha kichwa cha treni na mabehewa mawili. Nafasi hiyo finyu ndiyo inayoleta kazi, kwa sababu huwezi kutoa behewa la nyuma bila kwanza kufikiri la mbele utaliweka wapi.

Kabla ya kutengeneza rundo la kwanza, nenda ukakae kwenye yadi halisi. Mwamkie mwenye yadi, mweleze unachofanya, onyesha picha, na uombe kabla ya kupiga picha yoyote. Papa mmoja upande wa Kadutu, hapa Bukavu, alinikubalia, nikakaa kwenye benchi lake asubuhi nzima.

“Papa, unaanzia wapi kupanga?”

“Kwenye sumaku, mwanangu.”

Akaichomoa mfukoni: sumaku ya spika kuukuu, imefungwa kamba. Inachokishika kinabaki nje. Isichokishika, yaani shaba, alumini, risasi na rejeta, kinaingia ndani, karibu na mizani na karibu na mlango wenye kufuli. Kwa hiyo yadi inasomeka kwa thamani: kadiri kitu kinavyozidi kuwa na bei, ndivyo kinavyosogea kwenye kiti cha mwenye mali. Mabati yaliyooza na vyuma vyepesi viko mbali kabisa, kwenye ukuta wa nyuma, kwa sababu vinakula nafasi na vinalipa kidogo. Chuma kizito, ekseli, chesisi, vipande vya reli, kiko pale lori linapogeuzia, ili kisibebwe mara mbili. Chuma cha kusubu, kama ngoma za breki na bloku za injini, kiko peke yake na nyundo kubwa kando, kwa sababu hicho hupasuliwa. Hakikatwi kwa gesi kama kingine.

Halafu kuna vitu ambavyo huvioni, na kutokuonekana kwake ndiko kunakotambulisha yadi ya kwetu. Mifano ya Ulaya imejaa mapipa na matairi, kwa kuwa kule ni mizigo isiyo na mwenyewe. Huku pipa zima halifiki kwenye rundo; lina mnunuzi wa kuwekea maji. Tairi hukatwa kamba za kufungia mizigo. Springi za lori zinakwenda kwa wahunzi kuwa majembe na visu. Alumini haikai, inachukuliwa na wanaosubu sufuria. Giaboksi, stata na milango ya gari havitupwi katika rundo hata siku moja. Vinatundikwa au vinaegemezwa ukutani vikisubiri fundi, maana nusu ya yadi ni duka la vipuri. Nilipotoka pale nilichora ramani ya ubao wangu upya kuanzia mizani.

Jenga kwa mpangilio huohuo. Mizani kwanza, kisha kibanda, kisha njia ya kupita watu na toroli, na marundo mwisho. Kiini cha kila rundo ni sponji au karatasi iliyokunjwa na kupakwa gundi na udongo, ili usimalize vipande vyako vizuri mahali pasipoonekana.

Magari ya kuchezea yafungue kwa kutoboa ribiti za chini. Toa magurudumu, vioo, viti, na kwa mengi toa pia milango na boneti, kwa kuwa gari linalofika yadini limekwisha kuvuliwa kila kinachouzika. Bodi ya gari la kuchezea ni nene mno: milimita moja hapo ni sentimita 6.4 za kweli. Kwa hiyo piga tupa kingo zote zinazoonekana, madirisha hasa, mpaka zikaribie kuwa kali. Paa ni afadhali ulikate lote na kuweka jingine la kopo la soda, kisha ulibonyeze kwa kidole gumba. Usukani weka upande wowote. Tunaendesha kulia, lakini magari ya mtumba yanayopitia Dar es Salaam na Mombasa yanakuja na usukani wa kulia, na yadi zetu zina ya aina zote mbili.

Mabati ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Migongo ya bati la kawaida huachana kwa milimita 76. Kwa 64 inakuwa 1.2. Sasa chukua bolti ya M8, ile ya kawaida ya duka la vifaa: nyuzi zake zinaachana kwa milimita 1.25. Nunua fimbo ndefu ya M8 yenye nyuzi mwili mzima, ikate vipande viwili, laza ukanda wa alumini ya kopo la soda uliolainishwa kwa moto mdogo juu ya kipande cha mpira, na uuviringishie fimbo moja kwa nguvu. Fimbo ya pili itumie kunyoosha pale nyuzi zilipolegea. Bati linatoka kamili, tayari kuchanika na kukunjika kama la kweli, kwa sababu nalo ni metali. Kata vipande vya milimita 12 kwa 40 hadi 47, na usiache viwili vilingane.

Bloku ya injini ya silinda nne ni kijiti cha milimita 7 kwa 5 kwa 5 chenye matundu manne ya sindano. Gia za saa kuukuu zinafaa giaboksi zilizofunguliwa, mradi zisizidi milimita 3. Waya mwembamba wa mota za CD ni nondo zilizopinda. Mitungi ya gesi na oksijeni ya mkataji ni vijiti vya mishikaki vilivyochongwa ncha mviringo. Isimamishe na uifunge kwa mnyororo, kwa sababu hakuna mkataji mwenye akili anayeilaza mahali watu wanapokanyaga.

Kutu iwe kutu. Loweka pamba ya chuma, ile ya kusugulia sufuria, ndani ya siki, na uache kifuniko kimelegea kwa sababu mchanganyiko huo unatoa gesi. Baada ya siku chache unapata maji ambayo, yakipakwa na kukauka, yanageuka kutu halisi. Yapake juu ya rangi ya kahawia iliyoiva. Rangi ya machungwa ije mwisho na kwa uchache, vumbi la tofali lililochujwa kwenye soksi ya nailoni, kwa sababu machungwa ni kutu ya juzi na kahawia nzito ni ya miaka. Pale mkataji alipopita leo, sugua mpaka chuma king’ae. Bati lianze kuoza kwenye matundu ya misumari na kwenye kingo. Na tafadhali usipake kutu kwenye shaba wala alumini: alumini hufifia kuwa kijivu cheupe, shaba hugeuka nyeusi kisha kijani. Anayejua yadi atatazama rejeta zako kabla hajatazama treni.

Ardhi ni udongo wa kweli. Wa Bukavu ni mwekundu wenye kushikana, unaotokana na miamba ya volkano. Wa Kamanyola mimi nauchanganya na mchanga ili upauke. Upashe joto juani au kwenye sufuria kavu kuua wadudu, uchuje, kisha pitisha sumaku ndani yake mara kwa mara mpaka itoke safi. Usiruke hatua hii. Udongo wetu una chembe nyeusi za chuma, na mota ya treni yako ina sumaku ndani. Chembe zitapanda kupitia meno ya gia na kuitafuna. Kwa sababu hiyohiyo pamba ya chuma isikaribie reli hata siku moja, na marundo yaliyo jirani na njia yapakwe vanishi. Udongo ukishatandazwa, ulowanishe kwa maji yenye tone la sabuni, kisha dondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, sehemu moja kwa mbili za maji. Mataruma yaache yafunikwe karibu kabisa. Mataruma ya H0 yamekaribiana mno kwa kipimo chetu, na tope linaficha hilo. Chini ya mahali injini zinapofunguliwa weka oili nyeusi na usioteshe jani hata moja.

Umeme wa mjini hukatika bila taarifa, kwa hiyo sikujenga kwa kuutegemea. Betri ya pikipiki ya volti 12 na kidhibiti kidogo cha mwendo wa mota vinatosha, kwani kichwa kidogo cha treni kinakula chini ya nusu ampea. Lazima uweke fyuzi ya ampea moja karibu na betri. Adapta ndogo, nyaya zake zikigusana, inazima tu. Betri inaweza kusukuma mkondo wa kuyeyusha waya na kuwasha tripleksi, na juu ya ubao huo umejaza vipande vya chuma vinavyoweza kuangukia reli.

Mzigo wa mabehewa uwe wa kutoka na kuingia. Gundisha vipande juu ya kadi iliyokatwa kwa ukubwa wa sakafu ya behewa, na ufiche kati yake kipande cha bati la chuma, kwa mfano kopo la sardini. Sumaku kwenye uzi wa kuvulia inanyanyua mzigo wote mara moja. Behewa la sentimita 15 likiwa na mzigo lifike gramu 140 hivi, nalo halitaruka pale njia inapogawanyika. Kreni sijaiweka. Kwetu chuma kinapakiwa kwa mabega na mbao mbili za kuegemeza, kwa hiyo watu wangu wengi wamejipanga wawili wawili wakiwa wamebeba, na mmoja mbele anaelekeza. Watengeneze kwa waya na gundi, na uzito uonekane kwenye magoti yao.

Kuna kitu kimoja nimekikataa: nyaya nene za shaba. Zingependeza, rangi yake inavuta jicho. Lakini nyaya za umeme zikionekana zimekunjwa kwenye yadi, kuna mtaa mahali fulani uliolala gizani, na zahanati labda. Kwa sababu hiyohiyo, vipande vya reli kwenye yadi yangu nimevipa cheti: vimekatwa vifupi, vina namba nyeupe, na kando yake kuna karani mwenye daftari, kuonyesha kwamba vimeuzwa na aliye na haki ya kuviuza. Mtoto wa jirani aliniuliza yule mtu anaandika nini, nikamweleza, na tangu siku hiyo kila mgeni anaelezwa na yeye. Papo hapo humweleza mgeni pia kwamba chuma kisichojulikana, chenye umbo la chupa au yai, hakiguswi wala hakiokotwi, kinaachwa na mkubwa anaitwa. Katika jimbo letu jambo hilo lazima lisemwe kila panapozungumzwa chuma chakavu mbele ya watoto.

Kuendesha ni hivi. Kuna mabehewa matano, kila moja na kadi yake: mawili ya chuma kizito, moja la chuma cha kusubu, moja la mabati, moja la mitungi ya oksijeni inayokuja imejaa na kurudi mitupu. Changanya kadi, vuta tatu, na upange treni kwa mfuatano huo ielekee Kalundu. Behewa la mitungi likitoka, lisishikane na lile ambalo mkataji bado analifanyia kazi. Sharti hilo nimeliongeza mimi na linafanya mchezo kuwa mgumu vya kutosha. Ukimaliza, pangusa reli kwa kitambaa chenye spiriti, kamwe si kwa msasa, funika ubao kwa kitenge, na utoe fyuzi uiweke pembeni mpaka siku nyingine.